Afya ya Jamaa: Kabla ya mwanga kuingia jichoni mwa mtoto, uliza unene wa konea



Ulizo la juma hili linatoka kwa mama mwenye kijana wa miaka 15. Kijana amebadilishiwa miwani mara tatu kwa miaka miwili, na bado anaona maandishi ya ubao yakiwa na kivuli, kama yameandikwa mara mbili. Muganga wa macho amesema ni keratokoni, na kwamba iko matibabu ya matone na mwanga yanayoweza kuusimamisha ugonjwa. Jirani naye amemwambia mama kwamba mwanga ule unaunguza jicho kwa ndani. Mama anauliza: nikubali ao nikatae?

Tujibu kwanza kwa ufupi. Jirani hakusema uongo wote. Mwanga huo, ukipita kipimo, unaweza kuua chembe za tabaka la ndani la konea, na chembe hizo hazizaliwi tena. Kwa sababu hiyo waganga waliweka mpaka wa unene. Kijana mwenye konea nene ya kutosha, akifanyiwa kwa kipimo kilichowekwa, tabaka lake la ndani linalindwa. Anayeingia hatarini ni yule aliyecheleweshwa mpaka konea ikawa nyembamba mno. Basi kabla ya kukubali ao kukataa, mama aulize: konea ya mtoto wangu ina unene gani leo?

Tueleze sasa pole pole, ili kila mama aelewe sababu ya ulizo hilo.

Kioo cha mbele

Konea ni kile kioo cha wazi kilicho mbele ya jicho, kinachofunika sehemu nyeusi. Haina damu ndani yake, ndiyo maana inapitisha mwanga vizuri. Katikati yake, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, unene ni karibu mikroni 540, maana yake zaidi kidogo ya nusu milimeta. Shika sim kadi ya simu yako: konea ni nyembamba kupita hiyo.

Ndani ya unene huo mdogo kuna matabaka. Tukumbuke matatu. La nje ni kama ngozi laini. Likikwaruzwa, linapona kwa siku chache. La katikati ndilo nene kuliko yote, karibu sehemu tisa kwa kumi za konea. Limefumwa kwa nyuzi za kolajeni, zimepangwa vizuri kama nyuzi za kitunga, na ndizo zinazoshika umbo la jicho. La mwisho, kwa ndani kabisa, ni tabaka la chembe moja moja zilizopangwa kama mawe ya sakafu, nyingi zikiwa na pembe sita. Waganga wanaliita endotheli.

Endotheli ina kazi ya pampu. Nyuma ya konea kuna maji ya jicho, na konea inayanywa bila kuacha. Chembe za endotheli zinayatoa nje mchana na usiku, kama watu wanaochota maji ndani ya mtumbwi unaovuja. Wakiwa wengi, mtumbwi unaelea na abiria hajui kitu. Wakibaki wachache, maji yanawashinda. Konea inavimba, inakuwa na ukungu, na mtu anaona kama yuko nyuma ya dirisha lenye mvuke.

Mtu mzima ana chembe hizo kati ya 2500 na 3000 hivi katika kila milimeta mraba, eneo dogo kama alama ya ncha ya kalamu. Mtoto anazaliwa na nyingi zaidi, kisha zinapungua kidogo kidogo kwa umri, zaidi kidogo ya nusu ya asilimia moja kwa mwaka. Chembe moja ikifa, mwili hautengenezi nyingine mahali pake. Majirani zake wanajitanua kuziba nafasi, kama vile katika kikundi mama mmoja akihama, wengine wanagawana sehemu yake ya shamba. Kazi inaendelea, lakini kila mmoja amechoka zaidi. Chembe zikishuka mpaka karibu 500 kwa milimeta mraba, pampu inaweza kushindwa kabisa.

Keratokoni inafanya nini

Katika keratokoni, nyuzi za tabaka la katikati zinalegea. Konea inakuwa nyembamba na kuchongoka mbele, na badala ya kuwa mviringo mzuri inakuwa kama pembe fupi. Mara nyingi ugonjwa unaanza wakati wa kubalehe na unaendelea kwa miaka kadhaa, kisha kwa wengi unapunguza mwendo wanapofika miaka ya 30 ao 40. Kwa watoto na vijana unakwenda mbio kuliko kwa watu wazima. Hapo ndipo wazazi wengi wanakosea hesabu: wanasema kijana bado mdogo, tungoje amalize masomo. Lakini miaka hiyo ya kungoja ndiyo miaka ambayo konea inapungua haraka.

Dalili zake mama anaweza kuziona nyumbani. Namba ya miwani inabadilika mara kwa mara. Mtoto anakunja macho ao kuinamisha kichwa ili aone. Anaona taa ya usiku ina mikia, ao mwezi mmoja kama miwili hata akifunika jicho moja. Anashika daftari karibu na uso. Tena anasugua macho sana.

Hilo la kusugua tulitie maanani. Kusugua macho kwa nguvu, siku kwa siku, kunafuatana na keratokoni mara nyingi, na waganga wanaonya kwamba kunauharakisha ugonjwa. Watoto wetu wengi wanasugua kwa sababu ya macho yanayowasha: yanakuwa mekundu, yana uzi uzi wa ute mweupe, na yanawasha zaidi wakati wa vumbi na jua. Huo ni ugonjwa wa aleji unaojulikana sana katika nchi za joto, na hata kwa jirani zetu wa Rwanda umechunguzwa kwa watoto wa shule. Aleji yenyewe inatibika, na mtoto asiyewashwa hana sababu ya kusugua.

Wako pia wanaopata keratokoni kwa sababu iko katika jamaa, na watoto wenye sindromu ya Down wanaipata zaidi ya wengine. Mama asijilaumu.

Matone na mwanga

Matibabu haya yalitengenezwa katika mji wa Dresden, Ujerumani, na waganga na watafiti Theo Seiler, Eberhard Spoerl na Gregor Wollensak. Mwaka 2003 walichapisha matokeo ya kwanza kwa wagonjwa: macho 23 ya watu 22. Katika macho yote 23 ugonjwa ulisimama, na katika 16 pembe ile ilirudi nyuma kidogo. Walihesabu pia chembe za endotheli, wakakuta hazikubadilika. Marekani iliyaruhusu matibabu haya mwaka 2016.

Yanafanyika hivi. Muganga anatia matone ya ganzi. Mgonjwa analala chali akiwa macho. Kwa njia ya kawaida, ngozi laini ya nje ya konea inaondolewa katikati. Kisha yanatiwa matone ya riboflavini, rangi ya manjano, kwa nusu saa, mpaka konea imelowa. Baada ya hapo inawashwa taa ya ultravioleti kwa nusu saa nyingine, huku matone yakiendelea. Siku hizi mahali pengi wanatumia mwanga wenye nguvu zaidi kwa dakika chache, kwa mfano dakika 10, ili jumla ya mwanga ibaki ileile.

Riboflavini ndiyo vitamini B2, ileile iliyo katika maziwa, mayai, maini na majani mabichi. Ndani ya konea inafanya kazi mbili. Ya kwanza: ikipigwa na mwanga, na hewa ya oksijeni ikiwepo, inafunga mafundo mapya kati ya nyuzi za kolajeni, na kitunga kilicholegea kinakaza. Ya pili: inakula mwanga mwingi njiani, usifike nyuma. Ni kama mwavuli wa endotheli. Konea ikiwa nene na imelowa vizuri, mwavuli ni mkubwa. Ikiwa nyembamba, mwavuli ni mdogo na mwanga unapenya.

Tuseme wazi neno moja, kwa maana liko katika midomo ya watu. Kula mayai na kukaa juani hakutibu keratokoni. Vitamini ya chakula haifiki konea kwa wingi unaohitajika, na kutazama jua kunaharibu jicho. Sombe na lengalenga tuwape watoto kwa afya ya mwili wote.

Mpaka wa mikroni 400

Watafiti walijaribu kwanza kwa wanyama, wakapima ni mwanga kiasi gani unaanza kuua chembe za endotheli. Kisha wakapiga hesabu kwa konea ya mtu. Wakakuta kwamba konea yenye mikroni 400, baada ya ngozi ya nje kuondolewa na riboflavini kulowa, inaacha kufika ndani karibu nusu tu ya mwanga unaoanza kuua. Basi wakaweka mpaka: kwa njia ya kawaida, chini ya mikroni 400 usiwashe taa.

Mpaka huo ukivukwa, inatokea nini? Mwaka 2012 waganga wa Ugiriki walichapisha hesabu ya macho 14 yaliyotibiwa yakiwa chini ya mikroni 400. Ugonjwa ulitulia, na hawakuona matatizo makubwa ya wazi. Lakini chembe za endotheli zilishuka, kutoka karibu 2700 hadi karibu 2400 kwa milimeta mraba. Mgonjwa hasikii upungufu huo. Anaona vizuri, anarudi nyumbani. Ila zile 300 amezitumia ujana, na hazirudi, na mbele yake kuna uzee, na pengine upasuaji wa mtoto wa jicho, ambao nao unapunguza chembe hizo. Kwa wachache mahali pengine ambao mwanga uliwafikia kupita kiasi, konea ilivimba ikapata ukungu.

Kuna jambo lingine ambalo wamama wachache wanalijua. Konea inaweza kupungua unene wakati wa matibabu yenyewe. Ngozi ya nje ikiondolewa, unene unashuka, na aina fulani za matone ya riboflavini zinavuta maji kutoka konea. Kwa hiyo kipimo cha juzi hakitoshi. Konea ipimwe tena pale mezani, kabla ya kuwasha taa.

Je, kijana aliye chini ya mikroni 400 amefungiwa mlango? Hapana. Mwaka 2009 waganga wa Uswisi walieleza namna ya kutumia matone mepesi yanayoivimbisha konea kwanza, ikavuka mpaka, ndipo taa ikawashwa. Wengine wanafunika jicho na lensi laini iliyolowa riboflavini ili kuongeza mwavuli. Na siku hizi iko njia ya kupunguza mwanga kulingana na unene wa kila jicho. Njia hizi zinahitaji vipimo vingi zaidi na muganga mwenye mazoezi nazo. Konea ikiwa imeharibika sana ao ina kovu, inabaki kubadilisha konea kwa kupewa ya marehemu, na hiyo ni safari ndefu na ghali ambayo jamaa nyingi kwetu haziiwezi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana anayepelekwa akiwa na mikroni 470 anatibiwa kwa njia rahisi, na endotheli yake inakaa salama. Ndugu yake anayepelekwa miaka mitatu baadaye akiwa na 380 anatafutiwa njia za pembeni. Ugonjwa ni uleule na taa ni ileile. Kilichowatofautisha ni siku waliyopimwa.

Mama atazamie nini

Matibabu haya kazi yake ni kusimamisha ugonjwa. Mtoto asitazamie kutupa miwani kesho yake. Wengi wanaendelea na miwani ao lensi ngumu za macho, na wachache wanaona vizuri kidogo zaidi baada ya miezi.

Siku za kwanza jicho linauma, linatoa machozi na linaogopa mwanga. Muganga huweka lensi laini kama bandeji mpaka ngozi ya nje ijirudishe, mara nyingi ndani ya juma moja. Ukungu mwepesi katika miezi ya kwanza hutokea, na kwa kawaida unaondoka. Lakini maumivu yakizidi badala ya kupungua, jicho likitoa usaha, doa jeupe likionekana juu ya konea, ao kuona kukififia zaidi, rudi kwa muganga siku hiyohiyo. Jicho lililoondolewa ngozi ni mlango wazi kwa vijidudu. Usitie maziwa ya mama, maji ya majani, asali wala dawa ya jirani.

Tena baada ya matibabu, mtoto akisugua macho kama zamani, ugonjwa unaweza kuanza tena.

Maulizo ya kubeba mkononi

Matibabu haya hayako kila mahali. Wengine wanasafiri mpaka mji mkubwa, hata Nairobi, na mama anafika mbele ya muganga amechoka, nusu ya maulizo yamesahaulika njiani. Yaandike kwenye karatasi:

1. Je, ugonjwa unaendelea kweli? Tuonyeshe vipimo viwili vya tarehe tofauti.
2. Konea ya kila jicho ina mikroni ngapi mahali pembamba zaidi?
3. Itakuwa mikroni ngapi baada ya ngozi ya nje kuondolewa, na mtaipima tena kabla ya kuwasha taa?
4. Ikikutwa chini ya 400, mtafanya nini? Mtatumia njia gani, ao mtaahirisha?
5. Mnaweza kuhesabu chembe za endotheli kabla, na kuzihesabu tena baadaye? Mashine yake inapiga picha tu, haiumizi.
6. Tutarudi lini kupimwa, na nani atatuangalia tukisharudi kwetu?

Muganga mzuri hakasiriki akiulizwa hivi. Omba nakala ya vipimo, uiweke pamoja na kadi ya chanjo na hati za kuzaliwa. Mwaka ujao muganga mwingine atahitaji namba za leo ili ajue kama konea imesimama ao inaendelea kushuka.

Mama aliyetuandikia, usikatae kwa sababu ya neno la jirani, na usikubali kabla ya kujua namba. Nenda na karatasi hiyo. Kama konea ya kijana ni nene ya kutosha na ugonjwa unaendelea, hatari kubwa zaidi kwake ni kungoja.

Kazi ya vikundi juma hili

Iko kazi mbili ambazo hazigharimu kitu.

Ya kwanza: tundika kalenda ukutani, simamisha mtoto mbali kidogo, mwambie afunike jicho moja kwa kiganja bila kulifinya, asome namba. Kisha jicho la pili. Keratokoni mara nyingi inashika macho yote mawili, lakini moja linatangulia, na mtoto anayetegemea jicho zuri hajui kwamba la pili limechoka. Jicho moja likishindwa namba ambazo lingine linasoma, apelekwe kupimwa. Huenda ni jambo dogo la miwani tu, lakini ijulikane.

Ya pili: mtoto anayesugua macho kila siku, mfundishe kuweka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho yaliyofungwa, na mpeleke apewe dawa ya aleji. Tafadhali wamama, msinunue matone ya kortizoni farmasini ao sokoni bila muganga. Yanatuliza haraka, ndiyo maana yanapendwa, lakini yakitumiwa muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Tumeona dawa ya mwasho ikigeuka kuwa msiba mwingine.

Kwa vikundi vyenye likelemba, fikirieni kuweka sehemu kidogo kwa safari za macho za watoto. Kipimo cha unene chenyewe ni cha dakika chache. Kinachowashinda wengi ni nauli na siku mbili za kuacha biashara. Mama mmoja peke yake anaahirisha mpaka mwaka kesho. Kikundi kikichangia, mtoto anapimwa mwezi huu.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya matone ya macho yanayouzwa sokoni: namna ya kusoma kichupa, tarehe ya mwisho, na siku ngapi kinakaa baada ya kufunguliwa. Leteni vichupa mlivyo navyo nyumbani siku ya mkutano, tuvisome pamoja.

Mubaki na afya njema.